Upigaji mbizi kwenye mabaki ya meli

Upigaji mbizi kwenye mabaki ya meli ni shughuli ya kushuka chini ya maji kwa kutumia mtungi wa hewa ili kuona, kupiga picha au kuchunguza meli zilizozama. Ni tawi la upigaji mbizi wa burudani, lakini hutumiwa pia na wanaakiolojia, wahandisi wa bandari na vikosi vya uokoaji. Katika Afrika ya Mashariki shughuli hii hufanyika hasa Unguja na Mombasa.

Mabaki ya meli huvutia kwa sababu mbili. Kwanza, ni ushahidi wa historia uliobaki pale ulipoangukia. Pili, chuma na mbao zilizokaa baharini miaka mingi huota matumbawe na kuwa makazi ya samaki. Hata hivyo mabaki ni mahali pa hatari kuliko mwamba wa kawaida, kwa kuwa yana kingo zenye kutu, nyavu zilizonasa, matope laini na vyumba visivyo na njia ya moja kwa moja ya kupanda juu. Kwa hiyo anayeanza hujifunza kwa hatua: kwanza kuogelea, kisha kupiga mbizi penye maji wazi, kisha kuzunguka meli kwa nje, na mwisho kabisa kuingia ndani.

Jina

Kwa Kiswahili mtu anayeshuka chini ya maji huitwa mpiga mbizi au mzamiaji. Neno mzamiaji lina pia maana nyingine mitaani: mtu anayejificha ndani ya meli ili asafiri kwenda ng'ambo bila nauli wala hati. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia zaidi neno mpiga mbizi. Mabaki ya meli ni meli nzima au sehemu zake zilizobaki baada ya kuzama, kuvunjika au kuzamishwa kwa makusudi.

Bonde la Kilombero na meli za delta

Mji wa Ifakara uko mbali na bahari, lakini maji yake yana uhusiano na mojawapo ya meli zilizozama zinazojulikana zaidi nchini Tanzania. Mto Kilombero hukutana na mto Luwegu karibu na maporomoko ya Shuguri, na kuanzia hapo mto huitwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Mto huo humwaga maji yake Bahari ya Hindi kupitia delta yenye mikono mingi na misitu ya mikoko.

Humo ndimo manowari ya Kijerumani SMS Königsberg ilipojificha mwaka 1914. Tarehe 11 Julai 1915 meli za Kiingereza Severn na Mersey ziliipiga kwa mizinga, na nahodha wake Max Looff akaamuru izamishwe. Mizinga yake 10 ilitolewa ikatumika katika vita vya nchi kavu. Mmoja unaonekana leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini. Katika miaka iliyofuata sehemu za meli zilikatwa kwa ajili ya chuma chakavu, na zilizobaki zilimezwa na tope. Tope hilo ni udongo unaoletwa na mto kutoka mabonde ya juu, Kilombero likiwa mojawapo. Ndiyo sababu meli maarufu kama hii haifai kwa mpiga mbizi: maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna cha kuona.

Mto Kilombero wenyewe pia umewahi kuzamisha chombo. Kabla ya kujengwa daraja, watu na magari walivuka kati ya Ifakara na upande wa Ulanga kwa kivuko. Mnamo Januari 2016 kivuko MV Kilombero II kilipinduka wakati wa upepo na mvua kikiwa na abiria na magari. Daraja la mita 384 lilizinduliwa rasmi mwezi Mei 2018. Mto huu si mahali pa kujifunzia mbizi. Una mamba na viboko, mkondo wake hubadilika wakati wa masika, na mtu aliye chini ya maji haoni hata mkono wake. Kazi ya kutafuta watu au magari ndani ya mto kama huo ni ya vikosi vilivyofundishwa na kufungwa kamba kutoka juu.

Mabaki mengine yanayojulikana

Great Northern ilikuwa meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za simu chini ya bahari. Iligonga mwamba karibu na mji wa Unguja mwaka 1902. Mabaki yake yako kwenye kina cha takriban mita 12, yameota matumbawe, na huhesabiwa kuwa mahali pazuri kwa anayeanza.

HMS Pegasus ilikuwa manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikitengenezwa mitambo katika bandari ya Unguja. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 ilishambuliwa na Königsberg ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Mabaki yake yako karibu mita 40, yaani kwenye kikomo cha mbizi za burudani, hivyo si ya mwanafunzi.

HHS Glasgow, meli ya Sultani wa Zanzibar, ilizamishwa bandarini tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vifupi kati ya Uingereza na Zanzibar. Kwa miaka mingi milingoti yake ilionekana juu ya maji, hadi mabaki yalipovunjwa mwaka 1912.

Santo António de Tanná ni meli ya Kireno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, wakati ngome hiyo ilipozingirwa na Waomani. Kati ya miaka 1977 na 1980 wanaakiolojia walioongozwa na Robin Piercy waliichimba chini ya maji. Vitu vilivyopatikana vimehifadhiwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Ni miongoni mwa kazi za kwanza kubwa za akiolojia ya chini ya maji katika pwani ya Waswahili.

MV Dania ilizamishwa kwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002 ili iwe mwamba bandia. Meli ya namna hii husafishwa na kuondolewa vitu vya hatari kabla ya kuzamishwa, hivyo ni salama kuliko iliyozama kwa ajali.

Katika Ziwa Tanganyika, MV Liemba ni mfano wa meli iliyotolewa kutoka chini. Ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 baada ya mitambo yake kupakwa grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kanieneo na hewa

Msingi wa usalama wa mpiga mbizi ni somo la fizikia la sekondari: kanuni ya Boyle. Juu ya bahari hewa hutukandamiza kwa kanieneo ya angahewa 1. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza angahewa 1 nyingine. Kwa hiyo kwenye mita 10 kanieneo ni angahewa 2, mita 20 ni 3, na mita 30 ni 4. Kanieneo ikiongezeka mara mbili, ujazo wa gesi hupungua nusu. Ikipungua, gesi hutanuka.

Tuchukue mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200. Una hewa ya takriban lita 2,400. Mtu anayepumua lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia lita 80 kwa dakika kwenye mita 30, kwa sababu kila pumzi imebanwa mara nne. Mtungi ambao ungemtosha dakika 120 juu utaisha kwa dakika 30 huko chini, bila kuhesabu akiba ya kupandia. Mwenye hofu hupumua haraka zaidi, na mtungi wake huisha mapema zaidi.

Kanuni hiyo ndiyo inayotofautisha mbizi ya mtungi na mbizi ya pumzi. Mvuvi wa pweza, au kijana aliyekulia mtoni, huvuta pumzi juu, huibana, hushuka na kupanda upesi. Hewa iliyo kifuani mwake ilitoka juu, hivyo akipanda hurudia ujazo wake wa mwanzo. Mwenye mtungi huvuta hewa iliyobanwa. Akijaza mapafu lita 6 kwenye mita 10 na kupanda huku amebana pumzi, hewa hiyo hutaka nafasi ya lita 12. Mapafu yanaweza kupasuka, na hata mita chache zinatosha kuleta madhara hayo. Tabia mbili zilizomfaa mtoni, yaani kubana pumzi na kukimbilia juu, ndizo zinazoweza kumuua akiwa na mtungi. Kanuni ya kwanza ya mafunzo ni hii: pumua mfululizo, usibane pumzi kamwe.

Hatari nyingine inatokana na nitrojeni. Chini ya kanieneo kubwa gesi hii huyeyuka katika damu na misuli. Mtu akipanda haraka hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa, na kusababisha maumivu ya viungo, ganzi, kupooza au kifo. Huu ndio ugonjwa wa wapiga mbizi. Tiba yake ni oksijeni na chumba maalumu cha kanieneo. Kuanzia mita 30 hivi nitrojeni pia hulevya, na mtu hufanya maamuzi mabaya bila kujitambua.

Hatua za mafunzo

Hatua ya kwanza ni kujua kuogelea. Vyama vingi vya kimataifa vya mafunzo humtaka mwanafunzi aogelee mita 200 na kuelea kwa dakika 10. Kwa mkazi wa bara mahali pa kujifunzia ni bwawa la kuogelea lenye mwalimu, si mto wala mfereji wa umwagiliaji.

Hatua ya pili ni uchunguzi wa afya. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au tatizo la masikio anapaswa kumwona daktari kabla ya kuanza, na mjamzito hapaswi kupiga mbizi. Mtu mwenye mafua huahirisha, kwa kuwa hatasawazisha kanieneo masikioni.

Hatua ya tatu ni kozi ya awali, ambayo kwa kawaida huchukua siku 3 au 4. Mwanafunzi hujifunza nadharia, hufanya mazoezi kwenye maji mafupi, kisha hupiga mbizi kadhaa baharini. Akifaulu hupata cheti kinachomruhusu kushuka hadi mita 18 akiwa na mwenzake. Cheti hiki kinatosha kuizunguka Great Northern.

Hatua ya nne ni kozi ya juu, inayofikisha mita 30. Baada yake mtu anaweza kuchukua kozi maalumu ya mabaki ya meli. Humo hujifunza kuchora ramani ya meli, kutambua hatari na kutumia kamba ya mwongozo. Kikomo cha mbizi za burudani ni mita 40; zaidi ya hapo ni mbizi za kitaalamu zenye mafunzo na vifaa vingine.

Kabla ya kulipa ada inafaa kukagua cheti cha mwalimu, idadi ya wanafunzi anaowachukua kwa pamoja, na kama boti ina oksijeni, redio na maboya. Inafaa pia kuuliza chumba cha kanieneo kilicho karibu kiko wapi.

Vifaa

Vifaa vya msingi ni miwani ya mbizi, mapezi ya miguu, suti, mkanda wa vizito, jaketi la kuelea, mtungi, kifaa cha kupumulia chenye mdomo wa akiba, geji ya hewa na kompyuta ya mkononi inayoonyesha kina na muda. Mwanafunzi hukodi vyote. Si lazima anunue.

Kwenye mabaki ya meli huongezwa glavu nene, kisu au mkasi wa kukatia nyavu na mishipi, tochi kuu na ya akiba, na kamba iliyozungushwa kwenye kibiringo. Mipira na mikanda hubanwa mwilini isining'inie, kwa sababu kila kinachoning'inia hunasa. Kinga ya pepopunda ni sehemu ya maandalizi, kwa kuwa mikato ya vyuma vyenye kutu ni ya kawaida.

Kuchagua siku

Wapiga mbizi wa pwani hupanga safari kwa pepo na kwa mwezi, kama wavuvi. Vipindi vya utulivu kati ya kaskazi na kusi huwa na maji maangavu zaidi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu na mkondo huwa mkali. Wakati wa maji mafu mkondo hupungua. Kwa meli iliyo kwenye njia ya mkondo, huchaguliwa muda mfupi ambapo maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa. Nahodha mwenyeji ndiye wa kuulizwa, na akisema leo haifai, safari huahirishwa.

Kuingia ndani ya meli

Anayeanza haingii ndani, hata mlango ukiwa wazi. Meli iliyozama mara nyingi hulala ubavu, sakafu ikawa ukuta na mlango ukawa shimo. Tope lililotulia humo miaka mingi hutibuka kwa pigo moja la pezi, na mwanga huzimika kwa sekunde chache. Aliyeingia huku akiona njia hutoka kwa kupapasa.

Kwa waliofunzwa, kanuni kuu ni tano:
1. Kufunga kamba nje ya mlango na kuifungua polepole wakati wa kuingia, ili iwaongoze wakati wa kutoka.
2. Kutumia theluthi moja ya hewa kuingia, theluthi moja kutoka, na kuacha theluthi moja kwa dharura.
3. Kutokwenda mbali na mwanga wa jua unaoingia mlangoni.
4. Kuwa na tochi zaidi ya moja kwa kila mtu.
5. Kutoka nje mara mmoja wao anapotoa ishara, bila kuulizana sababu.

Kwa mtungi uliotajwa hapo juu theluthi moja ni lita 800. Kwenye mita 30 hizo ni dakika 10 tu.

Kupanda na kurudi bara

Wakati wa kupanda mpiga mbizi haendi haraka kuliko mita 9 hadi 18 kwa dakika, kulingana na chama kilichomfundisha, na husimama kwenye mita 5 kwa dakika 3 ili nitrojeni itoke taratibu.

Kupanda hakuishii juu ya maji. Mlimani kanieneo ya hewa ni ndogo, na ndani ya ndege vilevile. Inashauriwa kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, kabla ya kupanda ndege au kwenda kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 600. Mkazi wa Ifakara anayerudi kwa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hupita maeneo ya chini, na mji wake uko chini ya mita 300. Lakini akiendelea na treni hiyohiyo kupita Mlimba hupanda nyanda za juu hadi Mbeya, takriban mita 1,700. Anayepita Kitonga kwenda Iringa, takriban mita 1,500, yuko katika hali hiyohiyo. Wote wawili wanapaswa kupumzika pwani kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo mbizi za maziwani zina hesabu zake. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Viktoria takriban mita 1,130. Majedwali ya kawaida ya mbizi yametengenezwa kwa usawa wa bahari. Juu ya mita 300 hutumika yaliyorekebishwa.

Meli ambazo ni makaburi

Tanzania ina mabaki ambayo si mahali pa burudani. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, na zaidi ya watu 800 walikufa. Ilipopinduka, hewa iliyonaswa ndani iliifanya ielee kwa muda. Tundu lilipokatwa ili kuwatoa walionusurika, hewa hiyo ilitoka na meli ikaenda chini. Mwezi Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, lakini siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa mtu mmoja akiwa hai, aliyekuwa amesalimika ndani ya nafasi iliyobaki na hewa. Matukio hayo mawili yanaonyesha jinsi elimu ya hewa na kanieneo ilivyo jambo la uhai na kifo, wala si kwa watalii tu.

MV Spice Islander I iliyozama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, na MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, nazo zilichukua mamia ya watu. Familia nyingi hazikupata mwili wa kuzika. Kwao bahari ndiyo kaburi, na mgeni hapigi picha kaburini kwa ajili ya kujifurahisha.

Sheria na uhifadhi

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni wa chini ya maji, ulioanza kutumika mwaka 2009, unahusu vitu vilivyokaa chini ya maji kwa angalau miaka 100. Unapendekeza viachwe pale vilipo kwanza, na unapinga kuvichukua kwa biashara. Kwa kipimo hicho Great Northern, Pegasus na Königsberg zote ni urithi. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Zanzibar ina idara yake ya mambo ya kale.

Kitu kilichotolewa baharini bila utaalamu huharibika upesi. Mbao hukauka na kupasuka, chuma hubomoka, na habari ya mahali kilipokuwa hupotea kabisa. Sahani iliyoachwa sakafuni mwa meli humweleza mtafiti nani alikula wapi. Iliyowekwa kabatini kwa mtu haielezi chochote. Kwa hiyo mpiga mbizi hutazama, hupiga picha, huandika kwenye daftari lake, na hupanda mikono mitupu.